Boti Zilizovuka Milima: shajara ya riwaya inayoandikwa Lubumbashi

Mei, juma la kwanza

Nimeanza. Riwaya itaitwa *Boti Zilizovuka Milima*, itatoka kwa vipande, na itakuwa hadithi pendwa kwa maana yake yote: mna mapenzi, mna safari ya hatari, mna adui, mizinga na ziwa lenye mawimbi. Sitafuti jina la heshima zaidi la kuifunika. Ninawaandikia watu wa mitaa ya hapa Lubumbashi, Katuba, Kenya (mtaa, si nchi), Ruashi na Bel-Air, wanaosoma ndani ya basi au usiku umeme ukirudi, na ambao ukurasa ukiwachosha wanauacha bila kumwomba mtu ruhusa. Kumshika msomaji wa namna hiyo mpaka mwisho wa sura ni ufundi kamili, na ninataka kuufanya vizuri.

Kisa ni cha kweli. Mwaka 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimefika Ziwa Tanganyika, Wajerumani ndio waliokuwa wakitawala maji. Waingereza wakapakia melini boti mbili za injini, wakazipeleka Cape Town, wakazipandisha treni mpaka hapa kwetu, mji ukiitwa bado Elisabethville. Zilifika mwisho wa Julai. Kila moja ilikuwa na urefu wa mita 12 hivi. Kutoka hapa zikaenda Fungurume, mahali ambapo reli ilikuwa inakomea, na kutoka Fungurume zikavutwa nchi kavu zaidi ya kilomita 200, zikapandishwa milima ya Mitumba na kuteremshwa upande wa pili hadi Sankisia. Hapo kuna kipande kifupi cha reli mpaka Bukama, kisha mto Lualaba mpaka Kabalo, kisha treni tena mpaka Lukuga, Kalemie ya leo. Mwisho wa Oktoba zilikuwa zimefika ziwani.

Boti za vita zimepita kwenye mji usio na bahari wala ziwa kubwa, mita zaidi ya 1,200 juu ya usawa wa bahari. Nimewauliza vijana wa mtaani kwangu kama wamewahi kusikia. Hakuna.

Mei, mwishoni

Nimesoma kila nilichoweza kupata kuhusu safari ile, na kuna jambo linalonichoma. Boti zina majina: moja Mimi, nyingine Toutou. Kiongozi wa msafara ana jina, Geoffrey Spicer-Simson. Aliyeleta wazo ana jina, John Lee, aliyeijua nchi hii na ndiye aliyetangulia kutafuta njia. Meli za Wajerumani zina majina: Kingani, Hedwig von Wissmann, na ile kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa ndani ya makasha yapatayo 5,000, ikaungwa upya Kigoma. Mpaka makasha yamehesabiwa.

Lakini waliokata miti kutoka Fungurume hadi Sankisia, waliojenga madaraja zaidi ya 100, waliozishika kamba mashine ziliposhindwa kupanda, hao wameandikwa "wenyeji", basi. Wana wingi, hawana jina.

Mwaka 1935 Mwingereza C. S. Forester alitunga riwaya kutokana na vita hivi vya ziwani, na mwaka 1951 ikatengenezwa filamu, sehemu yake ikapigwa hapa hapa Kongo. Wahusika wake wawili wakuu ni Wazungu. Simlaumu, aliandika juu ya watu aliowajua. Sisi nasi tuandike juu ya wetu.

Ndiyo maana nimechagua hadithi pendwa badala ya makala ya historia. Mwanahistoria asipokuta jina kwenye karatasi anaandika "wafanyakazi", na anafanya haki, kwa sababu hana ruhusa ya kubuni. Hadithi ya safari na hatari haiwezi kwenda hivyo. Inadai mtu mmoja mwenye jina, mwenye mama, mwenye kidonda mguuni, mwenye msichana anayemfikiria. Bila huyo hakuna anayegeuza ukurasa. Wangu anaitwa Monga. Ametoka upande wa Lualaba, amekuja mjini kutafuta kazi, ana miaka 20 au 21, yeye mwenyewe hana hakika.

Juni, mwanzoni

Mambo ya uchapishaji, kwa kifupi. Kila sura inachapwa kama kijitabu kidogo, karatasi zikikunjwa katikati na kupigwa pini, kwenye vibanda vya fotokopi karibu na chuo kikuu. Mdogo wangu anaisoma kwa sauti na kuituma kwenye WhatsApp kwa wale wanaopendelea kusikiliza, nao ni wengi kuliko wanaosoma. Jalada limechorwa na mchoraji wa mtaani, kwa rangi nzito na maandishi ndani ya picha, kwa mtindo wa wachoraji wa mji huu. Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi nzima kwa picha zaidi ya 100 hapa hapa Lubumbashi, miaka ya mwanzo ya 1970. Akiona jalada lenye sura hiyo, mama muuza ndakala, yaani dagaa, anaambiwa na macho yake kwamba hiki ni kitabu cha kwetu.

Juni, juma la mwisho

Nimekuwa na Mujinga siku zote hizi.

Mwanzoni mwa mpango, Mujinga alikuwa msichana wa mjini anayebaki nyuma na kungoja. Mapenzi ya kihistoria yanapenda sana jambo hilo: yeye dirishani, yule vitani, barua katikati. Kwetu mwaka 1915 barua zingeandikwa na nani, zisomwe na nani? Hata mtaa wa kumweka ulinisumbua. Kamalondo ilikuwa haijajengwa, ilikuja baada ya vita. Mji wenyewe ulikuwa na miaka mitano tu tangu treni iufikie mwaka 1910, na tanuru la shaba lilikuwa limeanza kuyeyusha mwaka 1911. Watu walikuwa wametoka kila upande, Wabemba, Waluba, Wasanga, Walamba, na wengine kutoka ng'ambo ya mpaka, kila mmoja na lugha yake.

Kilichonifungulia mlango ni maji. Boti zilivutwa na mashine mbili kubwa za mvuke, na mashine ya mvuke hunywa. Njia ilipita kwenye nchi kavu, kiangazi kikiwa kimekausha vijito. Masimulizi ya waliokuwamo kwenye msafara yanaeleza kwamba wanawake waliletwa wabebe maji kichwani, kutoka mbali, ili mashine zipate kunywa.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Wanawake walibeba maji vichwani ili boti za vita zivuke milima! Mujinga si wa dirishani tena. Ni binti wa kijiji cha karibu na Fungurume, baba yake ni mmoja wa mafundi wa mwisho waliojua kuyeyusha shaba kwa tanuru la udongo na kumimina misalaba, ile iliyotumika kwa mahari na biashara kabla ya Wazungu. Anapanga mstari pamoja na wengine, mtungi kichwani. Monga anayapokea maji kwenye mashine. Basi, wamekutana. Sihitaji dansi wala ukumbi. Kila siku mstari wa maji unafika, na kila siku sisi tunaosoma tunajua nani anamtafuta nani kwa macho.

Kizuizi nacho kimejileta chenyewe. Mashine zinasonga mbele. Kadiri zinavyosonga ndivyo kijiji cha Mujinga kinavyobaki mbali, na siku moja maji yatachukuliwa kijiji kingine, na wanawake wengine. Wapenzi hawa wanatenganishwa na ile kazi ile ile iliyowakutanisha. Wasomaji wa hadithi za mapenzi wana haki ya kudai kizuizi chenye mizizi kwenye wakati wake. Wivu wa rafiki au barua iliyopotea naviona vyepesi, vinaweza kutokea mwaka wowote. Hiki ni cha Agosti 1915 tu.

Na msalaba wa shaba ambao baba anauficha chini ya kitanda, huo nimeuandika sura ya tatu na sitausema hapa utafanya nini sura ya kumi.

Julai

Lugha. Masimulizi naandika kwa Kiswahili sanifu, kwa sababu nataka msomaji wa Bukavu, wa Kigoma na wa Mombasa aingie bila kukwaruzwa. Mazungumzo ni ya Lubumbashi. Monga akisema kama mtangazaji wa redio ya Dar es Salaam, hadithi inakufa. Kundi la maigizo la Mufwankolo lilituchekesha miaka mingi redioni na kwenye televisheni kwa Kiswahili chetu hiki hiki, na hakuna aliyelalamika kwamba hakifai kubeba mambo makubwa. Na kabla ya hapo, mwaka 1965, wazee waliokuwa maboyi wa Wazungu waliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili cha hapa, André Yav akiwa mwandishi, na mwanaanthropolojia Johannes Fabian akaitoa kama kitabu mwaka 1990. Kwa hiyo njia ilishafyekwa.

Hiki ni kipande cha sura ya pili, Mujinga akiona boti kwa mara ya kwanza:

"Ile njo bwato?"

"Njo yenyewe."

"Na mayi iko wapi?"

Monga akaonyesha kaskazini kwa kidevu, mikono yake ikiwa imeshika kamba. "Kule nyuma ya mulima. Mbali."

"Sasa bwato inatafuta mayi, na mayi mimi njo niko nabeba."

Monga akakosa la kujibu. Akacheka, na mnyapara akageuka.

Upande wa bahari ni kazi nyingine. Hadithi ya majini ina vifaa vyake, na watu wa pwani wametuachia hazina: omo, tezi, mkuku, usukani, demani, joshi. Msomaji wa Ruashi hajawahi kugusa hata kimoja. Nimejiwekea kanuni: kifaa hakitajwi mpaka mkono wa mtu ukishike. Monga anapaka mafuta mkuku kabla boti haijafungwa juu ya magurudumu, basi msomaji anajua mkuku ni ule uti wa chini. Anakalia tezi usiku wa baridi na kuegemea usukani, basi anajua ni nyuma. Mpaka tufike ziwani sura ya kumi na nne, msomaji atakuwa ameifahamu boti yote akiwa msituni, na vita vikianza sitalazimika kusimama kumfundisha kitu. Boti hizi zilikaa nchi kavu miezi, kwa hiyo nina nafasi ya kutosha.

Agosti, katikati

Kiangazi, vumbi jekundu, moshi wa nyasi zinazochomwa pembeni mwa mji. Ndiyo majira yale yale waliyopita, na nimeyatumia: kikohozi, midomo iliyopasuka, baridi ya alfajiri ambayo watu wa nje hawaamini kwamba Katanga inayo. Leo ukitaja Fungurume, mtu anafikiria kobalti na malori yaliyopanga foleni. Nimezoea kuipita njia hiyo nikiangalia kushoto na kulia, nikijiuliza walipitia bonde gani.

Nimeketi na papa mmoja, yaani mzee, mstaafu wa reli. Amefanya kazi na injini za moshi ujana wake. Nilimletea sura ya tano aisome, ile ya kupanda mlima. Alivaa miwani, akasoma polepole, akarudisha ukurasa nyuma, akasema:

"Mwanangu, mashini ya moshi haiko sawa na motokari. Ikikosa mayi, si kusema inasimama tu. Inaweza kupasuka. Ule anayeiangalia, anaogopa saa yote."

Kwa maneno hayo sura yote imepata mshipa. Mwendesha mashine anayekodolea macho kioo cha kuonyesha maji, mstari wa wanawake ambao haujaonekana kwenye kona, joto linalopanda, kamba zilizokazwa kwenye boti nyuma yake. Hatari ya kweli haihitaji simba. Simba nitamleta, kwa sababu wasomaji wanamngoja, lakini sura ya tano ni ya maji peke yake. Mujinga akitokea kwenye kona na mtungi, msomaji atashusha pumzi pamoja na mashine. Mapenzi na hatari vimekuwa tukio moja, na hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta tangu Mei.

Papa alieleza pia jinsi mzigo mzito unavyoteremshwa mlimani, kwamba kushuka kunaua watu kuliko kupanda. Kamba inazungushwa kwenye shina la mti ulio hai, mtu mmoja anaachia kidogo kidogo, wengine wanaweka magogo chini ya magurudumu. Boti ikishika kasi hakuna mkono wa kuizuia. Mama wa nyumba alituletea bukari na lengalenga, yaani ugali na mchicha, tukaendelea kula tukichora kwenye mchanga wa uani kwa kijiti. Sura ya nane, ya mteremko, imezaliwa pale uani, na nimeandika shukrani kwake mwanzoni mwa kijitabu bila kutaja jina, alivyoomba mwenyewe.

Agosti, mwishoni

Nimekataa mashauri ya kuanza riwaya na mapigano ya ziwani. Rafiki mmoja anayejua filamu alinisisitiza: anza na mizinga, kisha rudi nyuma. Mapigano yenyewe ni matamu kweli. Asubuhi ya tarehe 26 Desemba 1915, Kingani ilikamatwa baada ya mapigano ya dakika chache tu, ikatengenezwa, ikabadilishwa jina kuwa Fifi, ikageuzwa dhidi ya waliokuwa wenyewe. Tarehe 9 Februari 1916, Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Ile kubwa, Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 walipoiacha Kigoma, wakiwa wameipaka mitambo mafuta mengi ili isiharibike, na Waingereza wakaiinua mwaka 1924. Tangu 1927 inaitwa Liemba, na vizazi vya abiria wa Kigoma na Mpulungu wameipanda.

Lakini nikianza na mizinga, nimewapa ushindi maofisa kabla Monga hajashika kamba. Msomaji atayasoma milima kama njia tu ya kufikia vita. Kwangu milima ndiyo vita. Aliyeivuta boti kutoka Fungurume amekwisha kushinda kabla haijaguswa na maji, na kila risasi itakayopigwa ziwani inatokana na mikono yake. Mpangilio wa hadithi ni uamuzi juu ya nani mkubwa. Huo ndio msimamo wangu, na rafiki yangu ameukubali baada ya kusoma sura ya nane.

Septemba

Sura kumi zimetoka. Ya kumi imeleta kelele kuliko zote, kwa sababu mashine zimefika Sankisia, njia ya nchi kavu imekwisha, na Mujinga anatakiwa kurudi kwao.

Ujumbe wa sauti umejaa kwenye simu yangu. Mama mmoja wa soko la Kenya: "Yaya, usimurudishe ule mutoto! Alibeba mayi yote ile, sasa wanamuambia aende?" Kijana wa Bel-Air anaona kinyume: msichana wa 1915 asingeweza kupanda treni ya jeshi, na mimi nikimpandisha nimedanganya. Mwalimu mmoja wa Katuba amenikumbusha kwamba wapagazi wengi walisafiri na wake zao kwenye misafara ya zamani, wakipika na kubeba, na kwamba askari wa Force Publique, jeshi la ukoloni la Kongo, pia waliandamana na wake zao kambini. Hilo nalijua kuwa kweli, na linatosha.

Kwa hiyo ataenda, lakini si kwa huruma ya ofisa yeyote. Ataenda kama mke, na ili awe mke lazima mahari itolewe, na Monga hana kitu. Msalaba wa shaba wa sura ya tatu unatoka chini ya kitanda. Baba mwenyewe ndiye anayeutuma, kwa mkono wa mdogo wake Mujinga anayekimbia siku kadhaa kuufuata msafara: mkwe aupokee, kisha aurudishe mbele ya mashahidi kama mahari. Wazee niliowasomea kipande hiki walibishana nusu saa kama jambo hilo linaruhusiwa. Mmoja alisema ni aibu kwa baba kumlipia mkwe. Mzee mwingine, nkambo wa jirani yangu, ambaye hasemi sana, akasema baba aliyeona binti yake akibeba maji ya vita ana haki ya kumwoza anavyotaka. Nimeyaweka mabishano yote mawili ndani ya sura, kinywani mwa mashahidi, karibu kama yalivyosemwa.

Kijana wa Bel-Air bado hajaridhika. Amesema atasoma ili aone nitamfikishaje Lukuga kwa kweli. Vizuri. Sura ya kumi na moja iko kwenye fotokopi, ya harusi, fupi. Ya kumi na mbili ninaiandika sasa: Bukama, mwanzo wa Oktoba, Lualaba imepungua mpaka boti zinakwama kwenye mchanga, watu wanashuka majini kuzisukuma, na Mujinga yumo kati yao, maji kiunoni, akimwambia Monga kwamba bwato hatimaye imeyapata mayi na bado inataka kubebwa.

Mdogo wangu atairekodi Ijumaa, umeme ukiwepo. Jumamosi itakuwa kwenye simu zenu.